Mikono Mbili kwa Karatasi Nambari 212

Jumanne moja, mwezi wa tatu mwaka wa 1954, Kemboi alifungua mlango wa maabara saa moja kamili asubuhi, akatundika koti kwa msumari, akanawa mikono mara mbili kwa sabuni na mara ya tatu kwa spiriti. Halafu akafunua lile tangi la kioo. Harufu ya siki ikatoka, na nyuma yake ile harufu nyingine tamu ya kuumiza kichwa. Ndani kulikuwa na karatasi nane nyeupe, kila moja ndefu kama taulo, zikining'inia tangu jana jioni na kunyonya dawa polepole. Akazitoa moja moja na vibanio vya mbao. Hakuna mtu kwa hiyo maabara aliruhusiwa kushika karatasi na vidole.

Akazianika kwa kamba karibu na dirisha. Zilipokauka akazipulizia ile dawa ya zambarau, ambayo ikiwa kwa chupa haina rangi yoyote, akaziweka kwa oveni dakika saba.

Alipofungua oveni, madoa yalikuwa yametokea kama siku zote, saba zambarau na moja manjano. Kwa karatasi nambari 212, katikati ya madoa, kulikuwa pia na mikono mbili.

Ilikuwa mikono ya mtu mzima. Viganja vyote viwili na vidole vyote kumi, vimekaa pamoja, gumba likigusa gumba. Mistari ya ngozi ilionekana mpaka ile midogo kabisa. Zambarau ilipanda mpaka kwa vifundo vya mikono, ikakatika. Hapo palikuwa na mkanda mweupe, upana wa kidole kimoja, halafu juu yake zambarau ikaendelea tena kidogo.

Kemboi akachukua daftari akaandika: "212. Madoa manane, safi. Mikono mbili." Akaendelea na 213.

Hiyo maabara zamani ilikuwa zizi la farasi, kando ya barabara ya kutoka Nakuru kuenda Njoro, kuta za mawe na juu mabati. Mwenyewe alikuwa Mzungu mrefu mwenye shati limejaa mashimo ya asidi, na wafanyakazi walimwita Bwana Karatasi. Alikuwa anatafuta kitu kimoja tu, kile kinachofanya ng'ombe ateremshe maziwa.

Mtu yeyote amewahi kukama anajua ng'ombe anaweza kukunyima. Maziwa iko, kiwele kimejaa, lakini haishuki. Kwao Kemboi, huko juu Sachangwan, ndama akikufa, baba yake alikuwa anachuna ile ngozi, anaijaza nyasi kavu, anaishona, anaisimamisha mbele ya mama. Ng'ombe anairamba, anafunga macho, na maziwa inashuka. Kemboi alipomweleza hivyo, Bwana Karatasi alifurahi mpaka akavunja kikombe. Alisema ng'ombe akiramba, kuna kitu kidogo chini ya ubongo, saizi ya haragwe, kinamwaga dawa kwa damu. Hiyo dawa ndiyo alitaka kujua imetengenezwa na nini. Kila Jumatatu ndoo ya hayo maharagwe ilikuja kutoka kwa machinjio, imefunikwa barafu.

Kwa maelezo yake, hiyo dawa ni mkufu mdogo sana wa shanga tisa. Shanga mbili ziko na kiberiti, yaani salfa, ndani, na hizo mbili zinashikana mikono, kwa hivyo mkufu unajikunja. Shanga sita zinakuwa pete, tatu zinabaki nje kama mkia. Ukiuchemsha kwa asidi kutoka asubuhi mpaka asubuhi ingine, shanga zote zinaachana. Ukiuchemsha kidogo tu unapata vipande, mbili mbili, tatu tatu, na ukilinganisha vipande unajua nani alikaa karibu na nani. Karatasi ndiyo inazitenganisha, maana kila shanga inapanda na mwendo wake, na dawa ya zambarau inaonyesha kila mmoja amefika wapi; zile mbili za kiberiti zinapanda pamoja, kwa hivyo madoa ni manane.

Mwaka uliopita meli ilileta jarida, na jarida likasema watu wa Amerika wameshamaliza hiyo kazi, shanga zote tisa na mahali pa kila moja. Bwana Karatasi alisoma akiwa amesimama, akalikunja, akasema hao hawakuwa na ng'ombe wa Rift Valley. Kazi ikaendelea.

Fundi wa hizo karatasi alikuwa Ngigi. Ni yeye alichonga vile vibanio. Kwa kusikiliza tu vile mabati inalia asubuhi alikuwa anajua kama hewa iko na unyevu, na karatasi zake zilipanda sawa, madoa yamesimama kwa laini kama wanajeshi wa Gilgil. Alikosea mara moja peke yake, mwaka wa kwanza, akashika pembe ya karatasi na gumba la kushoto. Jasho la mtu liko na hizo hizo shanga ndani yake, kwa hivyo baada ya oveni gumba likatokea, zambarau, na lile kovu lake la kukatwa na kioo likipita katikati ya mistari kama reli imepita shamba. Bwana Karatasi aliibandika ukutani, akaandika juu yake kwa herufi kubwa: HUYU NANI?

Ngigi akawa anaisalimia kila siku akiingia. "Habari yako, mwizi?"

Kemboi anamjibia na sauti nyembamba kutoka nyuma ya tangi. "Mzuri, baba. Umeniletea chai?"

Wiki mbili kabla ya hiyo Jumanne, lori la skrining, la kuchuja watu wa kiapo, lilikuja kwa laini za nyumba za wafanyakazi likachukua wanaume Wakikuyu wote, kumi na mmoja. Waliwekwa kwa ghala la pareto la shamba jirani. Huko waliulizwa nani amekula kiapo na nani, nani alikaa karibu na nani. Kumi wakarudi, wengine wakitembea, wengine wakibebwa. Hawakusema kitu. Mmoja wao akawa kila akiona maji ananawa mikono, hata maji ya kuku. Ngigi hakurudi. Sajini wa hilo ghala alipeleka fomu kwa ofisi ya DO, afisa wa wilaya, na kwa fomu kulikuwa na neno moja: Ametoroka. Maana yake ameingia msituni, amejiunga na watu wa huko.

Basi, hiyo Jumanne Bwana Karatasi alifika saa mbili, akasimama mbele ya 212, mikono nyuma.

"Nani nashika karatasi yangu?"

"Ni Ngigi, bwana."

"Ngigi nakimbia msituni."

"Ndiyo, bwana. Lakini hiyo gumba ni yake." Kemboi akaonyesha ukuta na kibanio.

Bwana Karatasi akatoa lenzi. Akaangalia gumba la ukutani, akaangalia lile la 212, akarudi kwa ukuta. Halafu akainama akanusa.

"Pareto," akasema.

"Ndiyo, bwana."

Akahamia kwa madoa. Tangu Ngigi achukuliwe, karatasi zilikuwa zinapanda zikiinamia upande mmoja, na Kemboi alikuwa ametukanwa kwa lugha mbili. Hizi zilikuwa zimenyooka.

"Nani natundika hii?"

"Nilitundika mimi jana, bwana, lakini zilipinda. Leo nimezipata zimenyooshwa."

Bwana Karatasi akawaza, akigonga lenzi kwa meno. "Mzuri," akasema mwishowe. "Ambia yeye naweza shika chini. Katikati kwa madoa, hapana."

Alipotoka, Kemboi akaambia chumba, "Ngigi, umesikia? Chini peke yake." Jumatano mikono ilitokea kwa karatasi nne, zote chini kabisa, na hakuna doa hata moja liliguswa.

Saa sita hiyo Jumatano akaja Wachuka, mke wa Ngigi. Watu wa laini walimwita Mama Wanjugu, kwa sababu ya msichana wake. Alikuwa ametoka kuchuma pareto na kikapu kilikuwa bado mgongoni. Akasimama mlangoni, hakuingia.

"Kemboi. Wanasema bwanangu anakuja hapa."

"Anakuja, Mama Wanjugu."

"Anakuja kazi na nyumbani hakuji."

"Labda nyumbani hakuna dawa ya kumwonyesha."

"Hata akiwa mzima alikuwa hivyo. Karatasi kwanza, ugali baadaye." Akatua kikapu. "Nionyeshe."

Kemboi akamwonyesha. Akaangalia karatasi zote nne bila haraka, kama mtu anachagua kitambaa. Alijua kovu, alijua kidole kidogo cha kulia vile kilipinda. Halafu akauliza, "Mbona ameweka mikono pamoja? Ngigi hakuwa mtu wa kuomba hivyo. Yeye kanisani alikuwa analala."

Kemboi akajifanya anafuta chupa.

Wachuka akaokota unyasi kwa kikapu chake, akaufuatisha na ule mkanda mweupe, polepole, mkono mmoja mpaka mwingine, bila kugusa. "Hii ni kamba ya gunia," akasema. "Angalia. Mpaka msokoto wake unaonekana."

"Nimeona."

"Umeona lini?"

"Jana."

"Na ukanyamaza."

"Niliandika kwa daftari mikono mbili. Kamba sikuandika."

Hakumkasirikia. Aliketi juu ya kikapu chake kilichopinduliwa, maua ya pareto yakimwagika, akamweleza mambo vile yalikuwa. Ijumaa lori linakuja kuchukua familia za watu walioandikwa wametoroka. Nyumba zao zitafungwa, na wao watapelekwa mpaka ng'ambo ya milima, kwa kambi. Wale wengine, ambao Bwana Karatasi aliwaandikia barua kwamba ni wafanyakazi wake, wangebaki.

"Lakini lori si kitu," akasema. "Nilizaliwa hapa, nimepanda malori mengi. Shida ni hilo neno. Wakiliacha hapo, Wanjugu atakuwa mtoto wa mtu wa msitu mpaka azeeke. Na baba yake hajawahi kuingia msitu hata kutafuta kuni. Alikuwa anaogopa nyati."

"Unataka nini, Mama Wanjugu?"

"Nataka wafute ametoroka. Waandike vile ilikuwa. Waandike amekufa kwa mikono yao, na mahali amelala. Peke yake hiyo."

Alhamisi walienda kwa DO, karatasi tano zimekunjwa ndani ya gunia safi la unga. Walikaa kwa benchi tangu saa mbili mpaka saa tano. Karani alikuwa Hiram, mtu wa miwani na nywele imegawanywa katikati, ambaye alikuwa anachonga penseli hata zile mpya.

"Mama, hapa tunapokea karatasi imeandikwa," akasema Hiram.

"Hii imeandikwa. Soma vidole."

Hiram akasoma vidole. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akasoma upya. "Alikuwa na mkono mzuri," akasema, na akaingia ndani kumwambia DO.

DO alikuwa kijana mwenye pua imeungua jua. Alitoa kwa faili alama za vidole za kipande cha Ngigi, kile kitambulisho cha kazi, akaziweka kando ya karatasi, akachukua dakika ishirini na lenzi. Kidole cha kwanza kililingana. Cha pili kililingana. Alipofika cha kumi akaagiza Sajini aitwe.

Sajini akaingia, akapiga saluti, akatazama meza.

"Unajua hii mikono?" DO akauliza.

"Ndiyo, efendi. Hiyo ni ya Ngigi. Hata hiyo kamba ni ya..." Sajini akafunga mdomo.

Kalamu ya Hiram ikasimama. DO akamwambia Sajini anaweza kuenda, na Sajini akapiga saluti ingine akaenda. Huko nje walimsikia akimpigia kelele mtu wa kuosha gari.

DO akapiga simu maabara. Waliongea Kizungu, na Hiram, akiwa amezoea, alitafsiri kwa sauti ya chini bila kuambiwa.

"Anamuuliza hii rangi ni nini... Bwana yenu anasema ni jasho. Jasho la mkono, likikutana na dawa... Anamuuliza kama kuna njia ingine rangi inaweza kutokea hivyo. Anasema hapana, lazima mkono uguse karatasi... Anamuuliza karatasi iliguswa lini. Anasema wiki hii, karatasi yenyewe ilifunguliwa wiki hii." Hiram akachukua penseli, akaanza kuichonga. "Anamuuliza kama maiti inatoa jasho."

Nje gari lilikuwa linamwagiwa maji.

"Anasema hajawahi kuona."

DO akaweka simu chini. Alikuwa na uso wa mtu ambaye hesabu yake imekubali. Akachukua fomu ya Ngigi, akapiga mstari juu ya ametoroka, akaandika juu yake: Yuko kazini.

"Bwana," Wachuka akasema, "amekufa. Waliua yeye kwa ghala. Angalia kamba."

DO akaangalia kamba. Aliiangalia kweli, hakuna mtu anaweza kusema hakuiangalia. Halafu akamuuliza Hiram kama fomu iko na mahali pa kuandika kitu kama hicho. Hiram akaigeuza mbele, akaigeuza nyuma.

"Hakuna, bwana."

Basi ikawa imeamuliwa. Mtu ambaye yuko kazini hajatoroka, na familia yake itabaki kwa laini. Kila Ijumaa kabla ya saa sita karatasi moja ya hiyo wiki iletwe ofisini kuthibitisha. Ijumaa yoyote ikipita bila mikono, lile neno la kwanza litarudi mahali pake, na lori liko.

Walirudi kwa miguu. Upepo wa kutoka upande wa ziwa ulileta ile harufu ya magadi. Walipofika kwa njia panda Wachuka akasema, "Wamekubali yeye ako, wamekataa amekufa. Sasa nitalia nikiliaje? Mtu ako kazini."

Kemboi akasogeza gunia kwa bega.

"Ile hadithi yako ya ndama wa nyasi," akaendelea. "Huyo ng'ombe anadanganyika kweli?"

"Niliuliza baba hivyo nikiwa mdogo."

"Akasema?"

"Akasema anajua. Anajua vizuri, na bado anateremsha."

Wachuka akatembea mbele yake mpaka nyumbani bila kugeuka.

Mikono ilikuja kila wiki. Ijumaa ya kwanza, ya pili, ya tatu. Wachuka mwenyewe ndiye alipeleka. Aliomba Kemboi chupa ndogo ya dawa ya zambarau, na jioni akawa anaweka karatasi safi juu ya meza nyumbani, mahali Ngigi alikuwa anaketi, asubuhi anaipulizia na kuipasha juu ya makaa. Alijaribu siku tisa. Ilibaki nyeupe, kona na kona. Ngigi alikuwa ameandikwa yuko kazini, na huko ndiko alikuwa.

Mwezi wa tano Bwana Karatasi alifika mahali pete inamsumbua. Hauwezi kusoma mkufu ukiwa umejikunja, lazima kwanza zile shanga mbili zenye kiberiti ziachane mikono. Dawa ya kuziachanisha iko. Unachanganya asidi kali yenye harufu ya siafu na ile dawa ya hospitali inayotoa povu kwa kidonda, unaiweka kwa barafu, na unaitumia haraka kabla haijaharibika. Pete inafunguka. Shanga zote tisa zinabaki kwa mkufu, lakini zile mbili haziwezi kushikana tena, hata ukizibembeleza.

Kemboi alifanya hiyo kazi Jumatatu na Jumanne. Jumatano alitembea mpaka shamba la pareto, akampata Wachuka katikati ya mistari.

"Mama Wanjugu, kuna dawa ya kufungua."

"Kufungua nini?"

"Wale wawili wanashikana mikono. Mvuke wake peke yake unatosha. Naweza kuweka bakuli ndani ya tangi, chini ya karatasi yake."

Wachuka akaendelea kuchuma, mikono yote miwili, haraka, bila kuangalia maua. "Na akifunguliwa?"

"Sijui. Labda ataenda. Mtu akifunguliwa anaenda."

"Na Ijumaa?"

"Ijumaa ni kesho kutwa."

Akachuma mstari mzima mpaka mwisho, Kemboi akimfuata upande wa pili. Huko mwisho akanyoosha mgongo.

"Ni miezi miwili amefungwa kama mbuzi wa soko," akasema, "ndio mimi nipate kupika mahali nimezoea." Akapangusa mikono kwa kanga. "Mfungue. Aende."

"Na lori?"

"Kemboi, nimesema mfungue."

Usiku wa Jumatano alifunga sufuria zake kwa shuka, akamwambia Wanjugu avae viatu Ijumaa hata kama hakuna shule. Alhamisi jioni Kemboi alitundika karatasi nambari 340 kwenye tangi peke yake, akaweka bakuli chini, akafunika. "Ngigi," akasema, "hii si kazi ya bwana. Hii ni ya Mama Wanjugu. Ukimaliza, uende salama." Akachukua koti yake.

Ijumaa saa moja asubuhi Wachuka alikuwa amesimama mlangoni na mzigo wake kichwani. Kemboi akatoa karatasi, akaianika, akapulizia dawa, akaweka kwa oveni. Walingoja dakika saba. Huko barabarani lori la Ijumaa lilikuwa limeshafika, injini ikinguruma mbele ya laini.

Akafungua oveni.

Mkono wa kushoto ulikuwa upande wa kushoto, chini. Mkono wa kulia ulikuwa upande wa kulia, mbali, juu kidogo. Karatasi nzima ilikuwa katikati yao. Ilikuwa imeshikwa vile mtu anashika karatasi akiitundika, vidole nyuma, gumba mbele.

Wachuka akatua mzigo. Akaangalia muda mrefu.

"Hakuenda," akasema.

"Hakuenda."

"Bado iko," akasema tena, na hapo hakuwa anaongea juu ya Ngigi. Kila mkono ulikuwa peke yake, huru, na kila mkono ulikuwa bado umezungukwa na ule mkanda mweupe, upana wa kidole kimoja. Msokoto wa kamba ulionekana vizuri kuliko mwanzo.

Lori liliondoka bila Wachuka na Wanjugu. Kutoka hiyo siku karatasi zilipanda vizuri kuliko wakati wowote. Kufika mwezi wa nane Bwana Karatasi alikuwa na mpangilio wa shanga zote tisa, pete na mkia. Ulikuwa ule ule wa Amerika, hakuna shanga moja imebadilisha kiti. Alifurahi sana. Aliandika ripoti, na mwishoni akashukuru machinjio kwa ndoo. Halafu akaanza upya na kondoo.

Ghala la pareto lilipakwa chokaa. Sajini alihamishwa, akaja mwingine. Wanjugu akaingia darasa la pili, na mwalimu alipouliza baba yake anafanya nini, akasema ako maabara, na mwalimu akaandika hivyo.

Ijumaa za Wachuka hazikubadilika. Anafika saa nne, anaweka karatasi juu ya meza, Hiram anaikunjua na kuilinganisha na faili, kidole kwa kidole, hata kama sasa anazijua kwa kichwa. Kwa muda karatasi zilikuwa na nafasi nyingi. Lakini Bwana Karatasi alianza kubana matumizi, na madoa ya kondoo yakajaa kutoka juu mpaka chini, mikono ikajaza kilichobaki. Ijumaa moja ya mvua Hiram alizungusha karatasi kwa meza mara tatu akitafuta mahali pasafi pa kugonga muhuri.

"Hapa hakuna nafasi, mama."

Wachuka akapangusa maji ya mvua usoni kwa kanga.

Hiram akasukuma miwani juu ya pua. Akapata mahali pamoja peupe, pembamba, kwa kifundo cha mkono wa kushoto. Akapulizia muhuri pumzi, akaugonga hapo juu ya kamba, katikati kabisa. Ulitoshea.

Akaangalia kazi yake. Ili kuweka sawa, akaugonga pia kwa mkono wa kulia.

"Haya, mama," akasema. "Ijumaa ingine."